Maswali ya Wasomaji: Kupanda kuta za mawe mjini

Katika toleo lililopita tuligusia vijana wa Bukavu na Goma wanaofanya mazoezi ya kupanda kwenye kuta za zamani za mawe. Barua zimekuja nyingi: wengine wanataka kuanza, wengine wanataka waachiwe kuta zao. Tumechagua saba.

Ndugu wahariri, tuko vijana wanne wa Nguba. Kando ya barabara yetu kuna ukuta wa mawe wa tangu enzi za Costermansville, jina la Bukavu la wakati wa ukoloni, unaozuia udongo usishuke. Kimo chake ni kama mita 3. Mwenye parseli ametukubalia tuufanyie mazoezi. Tutajuaje kama ni mzima?

Mmeanza vizuri kwa kumwomba mwenyewe. Sasa uombeni na ukuta, nao hujibu kwa macho, kwa sikio na kwa uzi.

Kwanza mwelewe kazi yake. Ukuta wa kuzuia udongo umejengwa ubebe uzito unaoshuka na uhimili msukumo wa kilima kilicho nyuma yake. Fundi aliyeujenga hakufikiria mtu atakayelivuta jiwe kuja mbele. Jiwe la chini limebanwa na mawe yote yaliyo juu yake, na hata chokaa ikilegea, halina pa kwenda. Jiwe la safu ya juu halibanwi na kitu. Chukueni jiwe la basalti lenye upana wa sm 40, kina cha sm 30 na unene wa sm 15: uzito wake ni karibu kilo 50. Kijana wa kilo 65 akilishika kwa mikono miwili na kujiegemeza nyuma, mzito ni yeye. Pa kuogopwa basi ni zile sentimeta 60 za mwisho, pale mtu anapojivuta amalizie. Akianguka peke yake ataumia mguu. Akianguka na jiwe likamfuata, ni habari nyingine kabisa.

Kwa hiyo hatuwashauri mpande kufika juu. Pandeni kwa ubavu, kama kaa: miguu isizidi mita 1 kutoka ardhini, mwende kutoka mwanzo wa ukuta hadi mwisho wake, kisha mrudi. Ukuta wa mita 20 ukienda na kurudi mara tatu, mikono itawaka moto kuliko kupanda mita 3 mara kumi.

Ukaguzi ni huu. Simameni mbali, kama mita 10, mmoja afumbe jicho moja na kuutazama ukuta kwa urefu kutoka pembeni. Tumbo huonekana hapo kabla ya kuonekana popote. Halafu chukueni timazi ya fundi. Fungeni uzi kwenye kijiti kilichotokeza mbele kutoka juu ya ukuta, kiasi cha uzi kuning'inia bila kugusa mawe, kisha pimeni umbali kati ya uzi na mawe kila baada ya sm 50, mkianzia chini. Ukuta mzuri huegemea kilima kidogo, kwa hiyo namba huongezeka taratibu kadiri mnavyopanda. Mkikuta katikati namba inapungua, ukuta umetoa tumbo. Tumbo la unene wa vidole viwili linatosha kuwafukuza. Mwambieni pia mwenye parseli, kwa sababu ukuta huo una shida kubwa kuliko mazoezi yenu.

Nyufa nazo zina lugha yake. Ufa mwembamba wa nywele ndani ya simenti ya juu si neno. Ufa unaoshuka kwa ngazi, jiwe kwa jiwe, ukifuata maungio, maana yake msingi umezama upande mmoja. Pigeni mstari wa kalamu ya risasi ukatize ufa, andikeni tarehe pembeni, mrudi baada ya wiki mbili. Mstari ukiwa umekatika au vipande vyake viwili havitazamani tena, ukuta unatembea.

Baadaye gongeni. Weka kiganja cha mkono wa kushoto kwenye jiwe la jirani, piga lile unalotaka kulishika kwa ngumi ya kulia. Jiwe zima hutoa sauti fupi, nzito, na kiganja cha kushoto hakisikii kitu. Jiwe lililolegea hulia kama mtungi mtupu, na mtikisiko hufika mkono wa pili. Kwaruza maungio kwa ufunguo: yakitoa vumbi kidogo ni sawa, yakimwagika kama mchanga mkavu, hapo hapapandwi. Jiwe bovu liwekeeni alama ya majani au uzi, msipake rangi.

Matundu ya kutolea maji, yale madogo yaliyoachwa chini ya ukuta, mwayatazame kila siku mnapofika. Udongo uliolowa hadi kujaa husukuma ukuta karibu mara mbili ya udongo mkavu. Matundu yakidondosha, ngojeni yakauke; baada ya mvua kubwa sisi hungoja siku mbili kamili hata kama mawe yenyewe yamekauka kwa jua la asubuhi. Na kuna hali mbaya zaidi ambayo wengi huiona nzuri: ni katikati ya mvua, kuta zote za jirani zinavuja, ukuta wenu peke yake mkavu. Matundu yameziba, maji yote yako nyuma. Hapo msikae hata kupumzika.

Mwisho, tetemeko. Lile la tarehe 3 Februari 2008, la ukubwa wa 5.9, liliacha nyumba nyingi za Bukavu na nyufa. Madogo yanapita bila watu kuamka usingizini. Mkisikia lolote, ukaguzi unaanza upya, kuanzia timazi.

Mimi ni mama wa Kadutu. Ukuta wa parseli yangu ni wa mawe, marehemu mzee alinijengea. Watoto wa avenyu wanaupanda kila jioni, ile simenti nzuri iliyoinuka kati ya mawe inadondoka vipande. Nikiwafukuza wanacheka. Nifanye nini? Nimwage chupa zilizovunjwa juu?

Mama, chupa uziache. Hazimzuii mtoto, zinamkata tu, na simenti ya kushikilia vigae vya chupa hupasuka baada ya mvua chache, maji yakaingia ndani ya ukuta kutokea juu.

Ile simenti iliyoinuka ndiyo inayowaita. Mafundi wetu huipenda, huichora vizuri kama kamba inayozunguka kila jiwe, wengine huipaka rangi nyeusi au nyeupe. Inapendeza kweli. Lakini ni pambo: imebandikwa juu ya maungio kwa unene wa sm 1 au 2, haikuingia ndani. Kwa mtoto ni kishikio cha kidole kizuri sana, hadi siku inapobanduka na yeye akiwa juu. Hasara ni ya pande mbili, ukuta wako na mtoto wa jirani.

Mwite fundi aibandue yote iliyolegea. Achimbe maungio kwa patasi nyembamba hadi kina cha sm 2 na nusu angalau, au mara mbili ya upana wa ungio lenyewe, atoe vumbi kwa brashi, amwagie maji, aache yanyonywe, ndipo ajaze. Kabla hajachanganya chochote mwulize ukuta umejengwa kwa kitu gani. Kama ndani kuna chokaa, nyeupe, laini, inayokwaruzika kwa kucha, ajaze kwa chokaa: debe 1 la chokaa kwa 3 za mchanga uliochekechwa. Simenti ngumu juu ya chokaa laini hufungia unyevu ndani, halafu ni jiwe linalomenyeka uso, si ungio. Kama ukuta ni wa simenti tangu mwanzo, simenti 1 kwa mchanga 4 au 5 inatosha. Amalizie usawa na jiwe au ndani kidogo, isiinuke. Afunike kwa magunia yaliyolowa siku 3 hadi 7. Fundi wa haraka hukataa hili, nawe umkatalie malipo ya mwisho mpaka siku ya saba. Wala asizibe matundu ya maji kwa kudhani anakusaidia.

Ukuta uliojazwa hivyo hauna pa kushika vidole, na watoto wenyewe watahama. Waliobaki, zungumza na wazazi wao mbele ya shefu wa avenyu kuliko kupiga kelele jioni. Ukuta ni wako. Anayeupanda bila ruhusa yako hana hoja.

Na kwa vijana wanaosoma hapa: kuna jambo ambalo mama huyu hakuliandika, pengine kwa heshima. Kichwa chako kikipita juu ya ukuta wa mtu, umeingia uani kwake. Watu wanaoga huko, wanaanika nguo za ndani, wanagombana. Hata aliyekupa ruhusa ya ukuta hakukupa ruhusa ya macho.

Mie ni fundi wa Bagira. Kuna kundi limeniomba niwatobolee matundu ukutani, tupige bolti 6 za chuma ili wafunge kamba. Drili ninayo. Nikubali?

Kataa, fundi.

Sababu unaijua kuliko sisi. Bolti ya wapandaji, ile yenye alama ya EN 959, kiwango cha Ulaya, imepimwa istahimili kilonewtoni (kN) 15 ikivutwa moja kwa moja kutoka ndani na kN 25 ikivutwa kwa pembeni. Hiyo ni kama kilo 1,500 na 2,500. Lakini imepimwa ndani ya zege au mwamba mzima usio na mwisho. Wewe utaipiga ndani ya jiwe la kilo 50 lililoshikwa na chokaa ya miaka sabini. Bolti haitatoka. Itatoka pamoja na jiwe lake.

Tena hizo bolti za mjini ni za kutanuka: unapoikaza, inasukuma jiwe kutoka ndani kwa nguvu kubwa, na jiwe la kuvunjwa kwa nyundo mara nyingi lina ufa wake wa siri tangu machimboni. Ukitoboa sm 8 kwenye jiwe lenye kina cha sm 25 ukiwa karibu na ukingo, unapasua. Na hata lisipopasuka, tundu linabaki njia ya maji kwa miaka yote. Kama ukuta uko kwenye jengo lililolindwa, sheria ya tarehe 15 Machi 1971 kuhusu mali za utamaduni inakuhusu wewe mwenye drili kabla ya kuwahusu wao.

Wakikubana sana, wajengee kitu chao: nguzo mbili za mbao ngumu, ubao wa mlalo mzito, vishikio vya mbao vilivyopigwa msasa. Utalipwa zaidi, na hutaamshwa usiku.

Huku Goma, Kyeshero, tuna mawe ya volkano kila mahali, kuta zote ni za hayo. Yanashika vizuri lakini yanatukata vidole. Pia kuna korongo dogo nyuma ya ukuta ambako ni baridi na pazuri kuweka godoro. Tunaomba ushauri.

Tuanze na korongo, kwa sababu vidole vinapona.

Msiweke godoro huko. Magharibi ya Goma, kando ya ziwa, ndiko mazuku yanakokusanyika: hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida mara moja na nusu, kwa hiyo hujaa kwenye mabonde, mashimo na nyufa kama maji yanavyojaa karai. Haionekani. Usiku na alfajiri, kabla upepo haujaamka, huwa nyingi zaidi. Mtu aliyesimama anaweza kupumua vizuri huku mwenzake aliyelala kwenye godoro miguuni pake anazimika. Ukiona panzi, mijusi au ndege wamekufa chini bila sababu, rudi ulikotoka na ukaseme kwa majirani. Msishuke na kibiriti kupima, maana mpimaji ndiye anayelala wa kwanza. Na aliyeanguka humo haendewi mbio na rafiki yake. Watu wawili wamepotea hivyo hivyo mara nyingi, wa pili akimfuata wa kwanza.

Sasa mawe. Lava ya Nyiragongo ina silika kidogo sana, hutiririka kama uji mwepesi, na gesi inayotoka wakati inaganda huacha vile vitundu mnavyovijua. Kingo za vitundu ni vioo. Baadhi ya mawe ya mitaani kwenu yamevunjwa kutoka kwenye mtiririko wa tarehe 17 Januari 2002, hayajapata muda wa kulainika. Shikeni kwa kiganja na kwa vidole vinne pamoja. Kuingiza kidole kimoja kwenye kitundu na kuning'inia ni kuomba kukatwa hadi mfupa. Bandeji ya kitambaa yenye gundi, upana wa sm 1 na nusu, izungushwe kwenye vifundo viwili vya kwanza vya kidole, isibane hadi ncha kugeuka rangi. Aliyekatika aoshe kwa maji safi na sabuni mpaka punje nyeusi zote zitoke, na kama chanjo yake ya pepopunda imepita miaka 5, aende zahanati.

Lakini swali ambalo hamkuuliza ndilo kubwa. Kuta za Goma ni za namna mbili. Kuna zilizofungwa kwa simenti, na kuna zile za uzio zilizopangwa mawe makavu, jiwe juu ya jiwe, bila kitu kati yake. Hizi za pili hazipandwi kabisa, wala kwa ubavu, wala na mtoto mwepesi. Lava yenye vitundu ni nyepesi: jiwe lenye ukubwa ule tulioutaja juu huweza kuwa kilo 30 tu au kasoro. Linashikwa na uzito wake na ukali wa kingo zake, basi. Ukilivuta kidogo, linakuja na matano. Kutambua ni rahisi: chutama, tazama kati ya mawe. Ukiona mwanga upande wa pili, ondoka.

Hata zile za simenti, zikagueni upya. Baada ya mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021 ardhi ilitetemeka siku nyingi na mji ulipasuka sehemu kadhaa. Ukuta wa zamani kuliko hapo umepitia hayo yote. Na mkikuta chuma msichokielewa kimejificha kati ya mawe, msikiguse wala msikirushie jiwe. Wekeni watoto mbali, mkamwambie shefu wa karitiye.

Nafundisha michezo katika shule moja ya Ibanda. Tuna ukuta mzuri wa mawe uani, mkuu amekubali. Wanafunzi ni 12, magodoro ya bweni yapo. Yanatosha?

Mwalimu, godoro la bweni peke yake hudanganya. Ukilikalia ni laini, ukiliangukia kutoka mita 1 na nusu linabonyea lote na kisigino kinafika chini. Sponji laini hupunguza mwendo polepole ikiwa tu kuna kitu kigumu juu yake cha kusambaza uzito. Kwa hiyo godoro la kuangukia lina tabaka mbili: juu, sponji ngumu isiyonyonya maji, kama ile ya mikeka ya mazoezi au ya kufungia mizigo, sm 2 hadi 3, chini, sponji laini, sm 8. Eneo la sm 100 kwa 130 linatosha mtu mmoja. Mshonaji alifunike kwa turubai nzito, aache zipu au kamba upande mmoja ili sponji itolewe ianikwe, kwa sababu kiangazi chetu ni kifupi na sponji yenye unyevu huoza kuanzia katikati. Ukibonyeza kwa goti likagusa sakafu, limekwisha.

Wengi hukosea kwa kuzigeuza tabaka: laini juu, ngumu chini, kwa kuwa hivyo ndivyo kitanda kilivyo. Mguu huzama kwenye laini, unagota kwenye ngumu, kifundo kinapinda. Kosa la pili ni pengo. Magodoro mawili yakikaa sambamba, kati yake kuna mfereji wa sm 5, na mguu utauona hata kama hamuutaki. Tandaza mkeka au zulia la zamani juu ya ungio.

Kabla ya kutandika chochote, fagia. Kokoto moja ya ukubwa wa yai chini ya godoro inatosha kuvunja kidole cha mguu.

Wanafunzi 12 wagawe makundi 4 ya watatu. Mmoja anapanda, mmoja anakinga, mmoja anasogeza godoro. Mkingaji husimama mguu mmoja mbele, viwiko vimepinda kidogo, vidole gumba vimefichwa karibu na kiganja visije vikang'olewa. Hadaki mtu. Anaongoza kiuno cha anayeanguka kuelekea godoro ili kichwa kisitangulie. Waeleze hili mara tatu, kisha uwafanyie mtihani wakiwa chini, mmoja akijiangusha kutoka kwenye benchi, kabla hata mmoja hajagusa ukuta.

Weka mstari mwekundu wa uzi ukutani kwa kimo cha mita 1. Miguu haivuki. Wapande kwa kukandamiza, si kwa kunyofoa: jiwe lisukumwe chini kwa kiganja na kwa wayo. Wasiingize vidole chini ya jiwe na kulivuta juu, hilo ndilo pigo baya kuliko yote kwa ukuta wa zamani kwa sababu linaliinua jiwe kutoka kwenye kitanda chake. Wasiruke kutoka kishikio hadi kishikio. Mwili unaodakwa ghafla huvuta kwa nguvu mara mbili ya uzito wake au zaidi. Viatu viwe vya mpira, wayo bapa, vipanguswe kwa kitambaa kila zamu, maana mchanga chini ya kiatu ni msasa na mawe yenu yatang'aa na kuteleza ndani ya mwaka mmoja.

Dakika 40 zinatosha. Vidole vya watoto wanaokua haviandaliwi kwa kuning'inia muda mrefu.

Kamba ya sokoni, ile ya plastiki ya kufungia mizigo kwenye lori, inabeba hata ng'ombe. Kwa nini tusiitumie? — Msomaji wa Panzi

Ng'ombe amefungwa, haanguki. Kamba ya kupandia, yenye alama ya EN 892, hunyooka mtu anapoanguka na kumeza nguvu. Ile ya lori hainyooki vya kutosha, nguvu yote inaishia mgongoni mwako na mahali ulipoifunga. Kisha ni polipropileni, huyeyuka karibu nyuzi 160, chini sana kuliko nailoni. Ikisuguana na kamba nyingine dakika moja, inakatika kama mshumaa.

Na umeifunga wapi? Mtu akining'inia kwenye kamba iliyopita juu na kurudi kwa mwenzake chini, pale juu panabeba uzito wa karibu wawili, siyo mmoja: kilo 70 huwa 110 hadi 140, akianguka zaidi ya hapo. Reli za ukingo wa barabara, nguzo za uzio, mti wa unene wa mkono, safu ya juu ya ukuta, vyote hivyo si vya kazi hiyo. Mkanda wa kiunoni wa mitumba nao usinunuliwe. Nyuzi huzeeka hata kabatini. Watengenezaji wengi huweka mwisho wa miaka 10 hata kama havijatumiwa, na wa mitumba hujui umri wake wala kama uliwahi kulala karibu na asidi ya betri.

Katika miji michache ya ng'ambo watu hupanda kwa kamba kwenye majengo ya zamani. Huko Duisburg, Ujerumani, kiwanda cha chuma kilifungwa mwaka 1985 na maghala yake ya madini sasa ni bustani ya wapandaji. Berlin wana mnara wa vita vya pili vya dunia katika bustani ya Humboldthain. Lakini hizo ni kuta za zege nzito, zile za Berlin zina unene wa zaidi ya mita 2, na chama cha wapanda milima cha nchi ndicho kinachosimamia. Si mawe ya kupanga.

Poda nyeupe ya mikono hatuipati. Unga wa muhogo unafaa? Na chaki ya shule?

Hapana na hapana. Unga wa muhogo ukikutana na jasho unakuwa gundi, halafu panya na sisimizi wanahamia ukutani. Chaki nyingi za siku hizi ni jasi: hainyonyi jasho vizuri, na ikiyeyuka kwa mvua huingia kwenye maungio ya chokaa na kuyaharibu. Wala msijaribu vumbi la simenti, linaunguza ngozi.

Poda yenyewe ni magnesiamu kaboneti, na ukiipata tumia punje ya ukubwa wa harage kwa zamu nzima. Ukimaliza, piga mswaki vishikio vyote ulivyovigusa, mswaki wa meno wa zamani unafaa, usiwe wa waya kwa sababu waya hukwangua jiwe na kuacha kutu. Kwenye lava nyeusi ya Goma alama nyeupe huonekana hadi ng'ambo ya barabara, kwa hiyo huko ongezeni kitambaa chenye maji kidogo. Kama hamna poda, taulo kavu shingoni na kunawa mikono kwa maji baridi kabla ya kuanza.